Mkate wa Nyanya usio na hamira

Mdogo wangu Kavira,

Hapa Majengo hatujambo, na Mama anakutaja kila tunapokula. Matokeo ya mtihani wangu wa Serikali bado. Nazunguka uani siku nzima, simu mkononi.

Umeuliza kuhusu mkate. Ule wa hamira unamchoma Nyanya tumboni, na tangu atoke hospitali alikuwa hataki kula chochote. Nikachanganya unga, bikarbonati badala ya hamira, na maziwa ya mgando kutoka Masisi. Kisha nikaukanda kwa nguvu kama wa mandazi, maana mikono yangu haikutaka kutulia. Ukatoka mgumu kama jiwe la lava. Nyanya akaugonga kwa kidole.

“Masika, ulikuwa unapika mukate ao unapiga mwalimu wa hesabu?”

Mara ya pili niliukusanya tu bila kuukanda, nikautia sufuriani, makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Nilipotaka kufunua, Nyanya akanishika mikono yote miwili.

“Acha, ikae.”

“Na kama inaungua?”

“Si tutasikia harufu!”

Tulikaa hivyo mpaka ukaiva. Alikula vipande viwili, akaomba chai. Na muda wote ule, Kavira, sikuyawaza matokeo.

Dada yako,
Masika