Nilimtangulia Arop, Kiingereza Kikasema Nilimzuia

Mama Nakeno mpendwa,

Nakuletea shida yangu kwa sababu hapa Kakuma kila mtu ameshaicheka. Mimi ni kibarua wa mjengo, kwetu ni Todonyang, shule niliachia darasa la sita, na huu mwaka wa pili nachanganya simenti huku mgongo ukilia, lakini kazi naijua na sioni haya kusema hivyo. Injinia alitaka kuchagua nyapara kati yangu na Arop, mwenzangu wa Sudan Kusini aliyesomea kambini, na jioni moja nikaona mawingu upande wa Lopur, nikajua laga, ule mto mkavu wa msimu karibu na stoo yetu, itajaa, nikajua Arop naye ameyaona, basi alfajiri nikafika kabla yake nikahamisha mifuko arobaini ya simenti peke yangu, naye akafika maji yameshaingia stoo, mifuko sita iliyobaki imelowa. Nilijivuna, na bado najivuna.

Injinia akataka ripoti kwa Kiingereza, kwa sababu siku ya kuandikwa nilimwambia nakijua. Nikafungua kamusi yangu kuukuu, nikatafuta "tangulia", nikachagua neno lililoonekana la kisomi, lenye kialama kidogo kando, nikaandika: "I prevented Arop." Injinia akaniita. "You prevented him?" Nikasimama wima: "Yes, sir! Very much!"

Kumbe nimekiri kwamba nilimzuia Arop kuokoa simenti. Injinia ameenda Lodwar, akirudi mwisho wa mwezi nafukuzwa. Vibarua wananisalimia kwa Kiturkana, "Ejok, Prevent!", yaani hujambo, Prevent. Arop ameniambia, "Ndugu, niombe tu, nitamweleza ulichotaka kusema." Nikamjibu afadhali nirudi kuvua samaki. Sasa nafikiria kusema nilimzuia kweli kwa sababu alikuwa amelewa. Nifanyeje?

Lomunokol, Kakuma

Lomunokol,

Pole kwa mgongo, hongera kwa mifuko arobaini. Sasa nisikilize.

Kamusi yako haikudanganya. Zamani sana neno hilo lilimaanisha kutangulia, na kile kialama ulichopuuza kilikuambia limezeeka. Siku hizi ni kuzuia tu. Wala usikimbilie "outsmart" au "outwit", maana hayo yatasema ulimzidi Arop ujanja, na injinia atauliza ni ujanja gani. "Anticipate" lingekufaa kwa yale mawingu, kwamba ulijua mapema. Lakini ulichotaka ni "I came before Arop", maneno ya darasa la tatu, na wewe ulifika la sita!

Habari ya ulevi itupe. Arop angenyamaza tu, unyapara ungekuwa wake. Amejitolea kukutetea, nawe unataka kumchafulia jina ili Kiingereza chako kisichekwe? Ona aibu. Jivunie jicho lako na mikono yako, hivyo ni vyako. Kiingereza sote tumeazima, na cha kuazima kikivunjika mtu husema.

Mwendee Arop leo, mbele ya hao wanaokucheka, umwombe. Injinia akirudi ingieni pamoja, ukiri kwa Kiswahili kwamba Kiingereza ulijisifia tu, kisha Arop aeleze lile neno. Akichaguliwa yeye, mfanyie kazi bila kununa. Ukichaguliwa wewe, daftari la ripoti mpe Arop. Wewe tazama mawingu.