Mkeka wa Harusi na Ramani ya Rayhana

Rayhana mjukuu wangu,

Asalaam alaykum. Sote wazima. Magoti ya babu yako yamepoa, na mama yako kaja juzi kutoka Chake na mapapai.

Umeniandikia kuwa ramani yako ya maabara imetoka ovyo. Unatafuta sehemu za uzi wa urithi ndani ya seli, zilizo mbali kwa urefu lakini uzi ukijikunja zinagusana. Mwalimu wako anasema ulikata uzi kabla dawa haijazigandisha zinazogusana, nawe unaniuliza kama kweli jambo dogo hilo laweza kuharibu kazi yote. Laweza. Mimi nimeshaharibu.

Mkeka ni ukili mmoja mrefu, ule utepe wa majani yaliyosukwa, unazungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu. Ule wa harusi ya dada yangu, wenye nakshi za nyota, ulikwenda upande, mama akaniambia niufumue. Nikavuta mshono wote kwa mkupuo. Ukili ukaanguka rundo moja, na harusi kesho kutwa, hapana ajuaye tena nyota ipi ya rangi ilikaa ubavuni mwa ipi.

Mama alisema, "Ungezifunga kwanza zinazogusana. Kisha hata ukate vipande mia, kila kimoja kitakuja na jirani yake."

Basi rudia, mjukuu wangu. Gandisha kwanza, usiwe na pupa, ndipo ukate. Utaipata.

Mkeka ule tuliushona kwa kubahatisha. Dada hakulalamika hata siku moja, ila mpaka leo nikenda kwake, ananitandikia huo huo.

Bibi yako wa Vitongoji,
Zuwena