G Yenye Ulimi

Meru mjini,
12 Mei 2025

Mjomba mpendwa,

Kabla ya salamu nakuomba: usimsomee mtu barua hii, hata Mama Gachoki mkeo. Ukimaliza, itie jikoni iungue.

Sasa, hujambo? Kifua kimepoa? Mimi ni mzima, ila chakula hakipiti.

Unazikumbuka herufi tulizotengeneza, wewe kwa penseli huko Kanja, mimi kwa kompyuta hapa ofisini? Nene, pana, bila mikia wala madoido. Ukaziita Cicily, jina la mama yako ambalo ndilo langu, ndiyo maana nami huniita Mama, kwa sababu nyanya alikuwa mpana na akiita mtu alisikika ng'ambo ya mto. Chama chetu cha wakulima kikazipiga kwenye magunia ya viazi vya kupanda, MBEGU SAFI, ili mzee asiye na miwani asome akiwa barabarani. Wakulima wanaziamini kuliko muhuri.

Juzi mzee Kailemia wa Kibirichia alitupa gunia juu ya meza yangu. Viazi vyake vyote vimenyauka shambani.

"Binti, soma hapo."

Nikasoma.

"Maandishi manene hivi," akasema, "kumbe ni ili uongo upate mahali pa kukaa!"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Gunia lile si letu, lakini herufi ni zetu. Meneja anasema ziko mahali pamoja tu, kwenye kompyuta yangu. Simu yangu ameichukua aikague, ndiyo maana naandika. Kamati ya chama itanihoji Ijumaa tarehe 30.

Mjomba, kuna mtu aliyekuomba daftari lako la michoro?

Mpwa wako,
Cicily


Kanja, Embu,
18 Mei 2025

Mama,

Pokea salamu nyingi. Kifua kimepoa, majani chai tunachuma, na ng'ombe amezaa ndama jike. Mama Gachoki anauliza utaolewa lini. Nimemwambia Mama yangu hawezi kuolewa mara ya pili.

Kuhusu herufi, mbona unaogopa hivyo? Herufi ni kama kuku, huingia boma la jirani bila kutumwa. Daftari liko chini ya godoro, halijaguswa. Labda mtu alifungua kompyuta yako ulipokwenda kunywa chai. Ukiulizwa, sema hujui. Mimi usinitaje, Mama. Mzee kama mimi nitasimamaje mbele ya kamati?

Njoo Desemba. Tumeezeka mabati mapya, hutasikia tone hata moja.

Mwanao,
Mjomba Njiru


Meru mjini,
23 Mei 2025

Mjomba,

Hujambo? Nimefurahi kusikia habari za ndama.

Jana nililaza gunia la chama na gunia la mzee Kailemia sakafuni, kando kwa kando. Unakumbuka nilivyolalamika kwamba kwa mbali G yetu inaonekana C, watoto wa shule wakasoma MBECU? Ukaniandikia tarehe 9 Machi, ukachora G mpya yenye ulimi mpana unaoingia ndani. Ile G sikuwahi kuiingiza kwenye kompyuta, iko kwenye barua ile na daftarini mwako tu. Magunia yetu yote yana G ya zamani. Gunia la Kailemia lina ulimi.

Mabati ni mazuri, Mjomba. Ni nani aliyeyaleta?

Barua ya Machi nimeifungia sandukuni, na sitaki kuitoa. Mama mzazi alinifundisha kwamba laana ya mjomba haina dawa. Njoo Ijumaa useme mwenyewe uliyempa. Nitakungoja mlangoni saa tatu.

Mpwa wako,
Cicily


Kibirichia,
1 Juni 2025

Mjomba,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo.

Ijumaa nilisimama mlangoni tangu saa mbili. Hukuja. Barua yako ndiyo iliyokuja, ila si kwangu. Meneja aliisoma kwa sauti: "Michoro yote nilimwachia huyo msichana. Alichoifanyia mimi sijui."

Huyo msichana. Miaka ishirini na minne umeniita Mama.

Barua ya Machi ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nimeishika. Sikuitoa. Nilidhani meneja akigeuza karatasi, upande wa pili kutakuwa na salamu zangu. Hapakuwa na kitu.

Nimefutwa kazi. Jumatano tarehe 4, saa tatu, natakiwa kituo cha polisi nikaandike taarifa, na nikienda mikono mitupu nitabaki huko. Nilitoka ofisini nikaja moja kwa moja kwa mzee Kailemia, nikamwonyesha G zote mbili. Alizipitishia kidole moja baada ya nyingine.

"Ulimi huu," akasema, "ni wa mtu unayemjua."

Nikairudisha barua ya Machi mkobani.

"Basi kula kwanza, binti." Watu wake wakanitandikia kitanda.

Barua hii nimempa dereva wa gari la Embu akufikishie kesho. Usipige simu, bado iko kwa meneja. Panda gari la Kibirichia, ushuke sokoni. Utaiona bucha uliyoiandika mwenyewe mwaka juzi, NYAMA LAINI. Herufi zako utazisoma kabla gari halijasimama. Nyuma yake kuna lango la kijani la mzee Kailemia. Bisha, useme umekuja kwa Mama, watakuelewa. Njoo na daftari, kabla ya jua la Jumanne kutua.

Usipofika, Jumatano nitaiweka barua ya Machi mezani, laana iwe, isiwe.

Mama yako,
Cicily