Sehemu ya Mwisho, Bila Hussein

Jumatatu, 17 Novemba 2008. Matuu.

Mvua inanyesha tangu alfajiri. Huko kwetu Ndithini kila mtu ameinama anapanda, na mimi niko Matuu ndani ya saiba, hapa pa kulipia intaneti, matope kwa viatu, nabonyeza hii mashine na kidole kimoja. Mke wangu aliniuliza kama mbegu zitajipanda. Nikavaa viatu nikatoka.

Jana Meli iliisha.

Kwa wale hawajui, Meli ni ile kipindi ya televisheni ya Jumapili jioni. Dunia imekauka, hakuna hata tone, watu wamepanda meli kubwa ya chuma wakaenda angani kutafuta dunia ingine iko na maji. Jina yake ya Kizungu ni ndefu na ya kujidai. Sisi tulisema Meli tu. Sisi ni mimi na Hussein. Hussein ndiye mwenye hoteli pale Masinga sokoni, na mbuzi na ng'ombe za kuuza, na hiyo televisheni. Amekufa. Naandika hiyo mapema ili mtu asisome akingoja apone.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini hiyo ya tatu nilisoma vizuri. Binti yangu Mwende alinifungulia hii ukurasa akasema, "Baba, maneno yako weka hapa, mama apumzike." Kwa hivyo nitasema maneno yangu juu ya Meli, sababu hakuna mtu kutoka Yatta mpaka Masinga anaijua kunishinda. Hussein angekataa hiyo. Angekataa kabla nimalize kuandika.

Sehemu nzuri kuliko zote ni ile ya dunia ya mvua kupanda juu. Maji inatoka kwa udongo inaenda mawinguni, na watu wa huko wanakinga na ndoo zimegeuzwa, mdomo chini. Mimi niliipenda sana. Hussein akaharibu. Akasema, "Sasa ng'ombe anakunywa aje? Alale chali?" Nikamwambia ng'ombe wa huko wamezoea. Akasema ng'ombe ni ng'ombe, amewauza maisha yake yote na hajaona mmoja wa kulala chali isipokuwa maiti. Hiyo ilitumaliza wiki mzima. Nilikuwa nikipita barabarani ananiita kutoka mlangoni, "We Mkamba! Umepata ng'ombe wa chali?"

Sehemu mbaya ni ile nahodha anaoa malkia wa watu wa kijani. Hakutuma wazee. Hakutoa hata mbuzi. Anashika mkono, muziki unapigwa, imeisha. Hiyo ndiyo sehemu peke yake mimi na Hussein tuliwahi kukubaliana, na tuliaibika wote wawili, tukanywa chai bila kuangaliana.

Kuna ingine ya njaa, wakati wanagawana maji ya mwisho na kijiko. Hapo macho yangu ilitoa maji. Niliambia watu ni moshi wa jikoni. Hussein aliita mpishi akamwambia kwa sauti, "Punguza moto, mzee hapa anaumwa na moshi." Hakuna moto ilikuwa imewashwa. Hoteli mzima ilicheka.

Lakini nataka kuongea juu ya sehemu ya mlango.

Ndugu mdogo wa nahodha ni fundi. Alitoka nje ya meli kutengeneza bomba, na kitu ikaharibika, na mlango ukifunguliwa hewa yote ya ndani itatoka na watu wote wafe. Nahodha yuko ndani, mkono kwa chuma ya kufungulia. Ndugu yuko nje. Kati yao ni kioo. Ndugu anaweka kiganja kwa kioo, anasema neno moja, halafu anaachilia, anaenda na giza.

Hiyo neno ya Kizungu ni liv.

Mimi nilisikia ondoka. Ondoka, niache hapa. Hussein alisikia ishi. Na sisi wote tulisikia vizuri.

Mimi nilikuwa kwa ujenzi wa bwawa, nikiendesha katapila, chini ya Wazungu. Kizungu yangu ni ya kazi, si ya vitabu. Wakati baruti inataka kulipuka, fomeni haambii mtu ishi. Anamwambia toka! Mtu akibakisha pumzi moja hapeani baraka, anapeana amri. Hivyo ndivyo nilimweleza Hussein, na nikaeleza vizuri sana.

Yeye akaniangalia na ile macho yake ya kupima mbuzi. Akaniambia, "Bwana Darasa la Tatu, kama nahodha aliambiwa ondoka, kwa nini hakuondoka? Alibaki kwa kioo akilia mpaka sinema ikaisha."

Nilikuwa na jibu. Chai ikaletwa.

Tulimpigia Mwende simu, yeye ako na diploma. Akasema ni maneno mawili, moja unavuta, ingine unakata. Tukamwambia atamke. Akatamka moja, akatamka ya pili. Mimi na Hussein tukaangaliana. Tulikuwa tumesikia kitu moja. Hussein akamwambia, "Asante mama, umesaidia sana," akakata simu, akasema hiyo diploma turudishiwe ng'ombe wa karo.

Basi hiyo neno ikakaa kati yetu. Kila Jumapili kabla ya Meli kuanza tunaianza sisi. Yeye ananiita Bwana Darasa la Tatu, mimi namuita Bwana Ngamia sababu babu zake walitoka nchi ya ngamia, na yeye hajawahi kufuga ngamia hata siku moja, amezaliwa hapo Masinga na anaongea Kikamba kushinda vijana wangu. Alikuwa anaongea. Bado kidole changu hakijazoea.

Mwezi uliopita kifua kilimshika. Vijana wake wakampeleka hospitali Thika. Nilienda kumuaga pale sokoni, gari imewashwa, amefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Akashusha kioo. Nilifikiri ataniusia kitu ya maana. Akasema, "Huko kuna madaktari wamesoma Uingereza. Nitawauliza hiyo neno. Jitayarishe kuaibika."

Nikamwambia aulize pia kama kuna dawa ya kichwa ngumu. Akacheka, akakohoa, gari ikaenda.

Sijui kama aliuliza.

Alikufa Alhamisi iliyopita, asubuhi mapema. Halima, binti yake anaendesha hoteli sasa, alinipigia simu. Akasema wanamleta nyumbani Masinga.

Sasa sikiza. Mimi najua Waislamu wanazika haraka. Nimekaa na hawa watu miaka na miaka, nimekula Idi zao, hakuna kitu wanafanya mimi sijui. Nilijua ni haraka. Lakini kwetu haraka ni siku nne. Mtu akifa tunakaa, tunakutana jioni, tunachagua mwenyekiti, tunangoja wa Mombasa wafike, tunapanga nani ataongea na nani atanyamazishwa. Mtu akizikwa kwa siku nne tunasema, aka, walikuwa wanamkimbilia nini?

Kwa hivyo nilijitayarisha. Nilipeleka koti kwa fundi, mkono ulikuwa umefumuka. Nilichagua mbuzi, yule beberu mweupe Hussein alikuwa ameniomba mara nyingi nimuuzie na nikakataa sababu ya bei yake ya dharau. Halafu nilienda chini mtoni peke yangu kutengeneza maneno. Mimi ni msemaji. Waulize watu. Kwa matanga ya Ndithini, nikisimama hata watoto wananyamaza.

Na maneno niliyotengeneza ni haya: kwamba mbele ya watu wote, mimi nimefikiri, na Hussein alikuwa sawa. Ndugu alisema ishi. Nilitaka kusema mara moja tu, kwa sauti, yeye akiwa hapo kwa sanduku hawezi kunicheka.

Nikafika Masinga Ijumaa, koti limepigwa pasi, mbuzi kwa kamba.

Boma lilikuwa limenyamaza. Wanaume wamekaa kwa mkeka wanakunywa chai. Nikauliza mwili umefika saa ngapi. Waliangaliana. Halima akatoka, akanishika mkono wa koti. Akasema, "Baba, tulimzika jana, jua likiwa bado juu. Tulikungoja kidogo. Tukafikiri mvua imekufungia njia."

Mvua haikuwa imenifungia njia. Nilikuwa kwa fundi wa koti.

Wakanipeleka nikaona. Udongo mwekundu, bado mbichi, hauna hata jina. Nilisimama hapo na maneno yangu yote na sikuweza kutoa hata moja, sababu maneno ya matanga yanataka watu. Huwezi kuhutubia udongo. Mbuzi ndiye alilia. Baadaye vijana wake walimchinja kwa njia yao, tukala pamoja. Nyama ilikuwa tamu. Bei yangu ilikuwa ya haki.

Ndiyo sababu jana nilienda.

Sehemu ya mwisho ya Meli. Mke wangu akasema, "Na huyo nahodha ni shemeji yako, unaendea matanga yake pia?" lakini alinipatia mwavuli. Nikafika hoteli mapema. Halima aliniletea chai kabla niitishe. Wale vijana wa bodaboda, wenye kila Jumapili wanapiga kelele tuwekewe mpira, jana walinisalimia mmoja mmoja, "Shikamoo mzee," wakakaa kama wako kanisani.

Meli ikaanza. Nahodha amezeeka, ndevu nyeupe. Ile mama ya mashine, mtu wa chuma wa huko melini, yenye haipepesi macho, inamuuliza kama anakumbuka ndugu yake. Wakaonyesha mlango tena. Kioo. Kiganja. Liv.

Nikasema kwa sauti, ile yangu ya matanga, "Hapo alisema ondoka!"

Najua si hivyo. Nimeandika hapa juu kwamba si hivyo. Lakini nilisema.

Mmoja akajibu, "Ndio mzee." Mwingine akasema, "Kweli kabisa."

Nikangoja. Hakuna mtu aliongeza.

Nikasema, "Na hiyo meli inaendeshwa na mafuta ya taa!"

Jameni. Mtu na akili zake anaweza kuvumilia hiyo? Hussein angesimama. Angeita mpishi, angeita watu wa barabarani waje wasikie, angenipigia hiyo meza mpaka vikombe viruke.

"Ni kweli mzee," wakasema. Kwa upole. Hata Halima alitingisha kichwa kukubali, na yeye alisoma fizikia.

Mimi maisha yangu yote nimetaka watu waseme niko sawa. Nilipigania kwa bwawa, nilipigania kwa baraza ya chifu, nimepigania nyumbani kwangu. Jana watu wa hoteli mzima walisema niko sawa, mara mbili, na nilihisi kama nimezikwa mimi.

Nikasimama. Chai sikumaliza. Nahodha alikuwa ameona kitu ya buluu mbali kwa dirisha, na wote walikuwa wameinuka kwa viti. Sijui kama ilikuwa maji. Sikungoja. Nilitoka nikafungua mwavuli, nikasikia nyuma yangu wakipiga makofi.

Mwende, ukisoma hii, usinieleze iliisha namna gani. Na nyinyi wengine msiniandikie pole hapo chini. Pole nimepewa ya kutosha, nimeshiba. Kama unafikiri nimekosea, kwa Meli, kwa bei ya mbuzi, kwa kitu chochote, hiyo andika. Andika kwa ukali.

Mvua imepungua. Nitarudi nikapande hizo mbegu, na kesho kutakucha, na Jumapili itafika kama kawaida yake. Lakini nitabishana na nani?