Wasifu wa Mama

Mdogo wangu mpendwa Erasto,

Bwana asifiwe. Sisi wa hapa Mtawanya tu wazima kwa neema yake. Msimu wa korosho umeanza, shemeji yako Fredi anarudi kutoka bandarini amejaa vumbi la magunia, na mpwa wako Glory amepata kipaimara.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa mwalimu Jesca barua hii akufikishie mkononi.

Katika lile jukwaa letu la mtandaoni walibishana kama ni sawa akili mnemba kuandika wasifu wa marehemu. Mtu mmoja aliyeficha jina akasema alifanya hivyo kwa mama yake. Nikamjibu, "Kaka, mama alikubeba miezi tisa, wewe umeshindwa kumshikia kalamu dakika tano?" Watu wakacheka, wakanipongeza, nami nikajiona nimemtetea Mungu. Ndipo ukajibu kwamba ulijaribu mara nne, na kila ukifika kwenye ile Biblia isiyo na jalada aliyokufundishia kusoma, mkono uligoma.

Biblia hiyo ipo kabatini kwangu, Erasto. Na wewe jina langu la jukwaani unalijua. Ulijua anayekucheka ni dada yako.

Bado sijui kama mashine ina haki ya kumsemea mama. Ila wasifu ule uliposomwa kwenye ibada ya mazishi, mimi ndiye niliyelia kuliko wote. Jana nimeliandika hilo jukwaani, nikasema yule ni mdogo wangu na nimemkosea. Sasa wananicheka mimi. Wacha wacheke. Wewe pokea simu tu.

Dada yako anayekuombea,
Magreth