Kitambaa Chekundu cha Jumapili

Rumonge, tarehe 11 Juni

Mpendwa mudogo wangu Chanceline,

Amahoro, amani ya Mungu, yakufikie huko Bukavu. Hapa baba Cikuru iko, kifua kimetulia kidogo. Mutoto wetu mudogo Schékinah iko, ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Nyanya Generoza iko, anaomba dawa ya magoti. Cikuru wangu na Jephté wako ni wazima. Na wewe, mugongo umekuachia?

Afya ipo, mudogo wangu. Amani ndiyo haipo. Nimeandika kwa sababu kwa simu ningelia tu, nisimalize.

Unajua watoto wetu wanakimbiza piki-piki za mashindano, wote wawili katika timu ya patron Anwari. Mwezi uliopita Cikuru alikuwa mbele tangu hapa mpaka karibu na Gitaza. Hapo mutu wa patron akasimama kando ya barabara, akapandisha kitambaa chekundu. Maana yake Cikuru apunguze mwendo, Jephté apite, kwani Jephté ndiye mwenye pointi nyingi. Wangu akatii. Wako akashinda.

Tangu siku ile wauza samaki ndagala wanamuita Cikuru: "Weye mulinzi wa mulango, fungulia wenzako!" Jephté naye akacheka. Kicheko kile ndicho kiliharibu.

Sikatai, piki-piki ni za patron. Lakini mutoto akitangulia kwa jasho lake, ni haki gani aambiwe angoje? Hata angekuwa wako, ningesema vile vile.

Jumapili hii wanakimbia tena, na kitambaa kitapanda. Cikuru ameniambia: "Mama, safari hii sitakiona." Jephté akajibu toka jikoni: "Basi nitapita hata pasipo njia." Unazijua kona za Gitaza, huku mulima, huku ziwa.

Baba Cikuru aliwafundisha kila mumoja ajaribu frein, zile breki, za mwenzake mbele ya mashindano, maana mutu huisamehe piki-piki yake makosa. Leo kila mumoja amefunga yake kwa munyororo. Hakuna aliyegusa ya mwenzake.

Jephté anakusikia wewe. Mwambie aende mwenyewe kwa patron, aombe kitambaa kibaki nyumbani, mwenye mbio apite. Akisema Cikuru, wataita wivu.

Salamu kwa shemeji Pontiani na kwa Jovita. Mungu ayalinde matumbo yetu yaliyozaa.

Dada yako, mwenye kukupenda na kuogopa,
Mama Cikuru

Asmani wa basi anakuletea hii kesho. Usijibu kwa barua, itachelewa. Piga kwa jirani Speciosa upesi. Nitakaa mulangoni kwake.