Mwana wa Mercy Tuxbury

Pell Hollow, New Hampshire
3 Machi 1996

Mwanangu Delphine,

Hujambo, mama? Natumai barua hii inakukuta salama huko Boston. Mimi mzima, ila goti linanisumbua, na masikio ndiyo hayo: simu ikilia nadhani ni nyuki. Miti ya sukari imeanza kutoa utomvu wake mtamu. Mwaka huu nauchemsha kuwa sharubati peke yangu. Tangu mama yako atutoke, sina wa kuniambia kwamba nimeiunguza.

Nina ombi. Mwezi wa nane ukoo mzima unakutana hapa nyumbani, na shangazi yako Thirza anachora mti wa ukoo wa kutundika ukutani. Amekwama kwa Jotham, yule babu wa kwanza aliyelima shamba hili, enzi hizo nchi ingali ya mfalme wa Uingereza. Tunalojua ni lile la siku zote: mama yake aliitwa Mercy Tuxbury, alikuwa mjane, na ugonjwa wa koo ulipowamaliza watoto wa kijiji, yeye alibakiwa na Jotham tu. Huyo Jotham alizaliwa lini, alibatizwa wapi, hatujui. Nakala za kumbukumbu za zamani ziko huko kwenu mjini. Utamtafutia baba yako?

Halafu, mbona huji nyumbani siku hizi? Sikulaumu, nauliza tu.

Baba yako


Boston
21 Machi 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti likandwe kwa maji ya moto, wala usijifanye kijana. Mimi sijambo, kazi kwa daktari wa meno ni ileile, watu wanaingia wakitetemeka na kutoka wakilalamikia bei.

Jotham nitamtafuta. Nitakwenda kila Jumamosi.

Na kwa kuwa umeuliza, nitakujibu. Siku tulipomzika Mama, Shangazi Thirza alinishika mkono jikoni akaniambia, "Umetutendea wema sana, binti, kwa mtu asiye wa damu yetu." Aliyasema kwa upole, Baba. Angeyasema kwa ukali ningemjibu. Na juzi kanitumia kwa posta nakala ya mti wake. Watu wote wamechorwa kwa wino. Mimi nipo chini yako na Mama, nimeunganishwa kwa vidoti vya penseli. Mlinichukua nina miaka mitano, sasa nina thelathini na sita. Nilidhani wino ulishakauka zamani.

Nakupenda. Usile maharagwe ya kopo kila siku.

Mwanao, Delphine


Pell Hollow
2 Aprili 1996

Mwanangu,

Salamu. Barua hii ni fupi kwa sababu nina hasira, na mama yako alinifundisha nisiandike nikiwa na hasira.

Sikujua. Nimemfuata Thirza kwake, tope hadi magotini. Nikamwambia, "Delphine ni mwanangu." Akasema, "Nani kabisha, Linwood? Lakini mti wa ukoo ni wa damu. Damu nzito kuliko maji." Nikaondoka bila kumaliza chai.

Ukitaka kumwacha huyo Jotham na mambo yake, mwache.

Baba


Boston
19 Mei 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yangu njema.

Sikumwacha. Nimepitia vitabu vya ubatizo vya kanisa lenu vyote. Watoto wa Mercy wamo: Hannah, Silas na mdogo wao Patience. Jotham hayumo. Nikatazama kitabu cha maziko cha 1736, mwaka wa ule ugonjwa wa koo. Wote watatu wamo, Baba, na wamezikwa juma moja. Mercy hakubakiwa na mtoto hata mmoja.

Basi huyu Jotham katoka wapi? Jumamosi iliyopita nimempata, kwenye kumbukumbu za vikao vya wazee wa kijiji, majira ya baridi ya mwaka uliofuata. Nimenakili neno kwa neno: "Mtoto Jotham, wa miaka kama minne, wazazi hawajulikani, apelekwe kwa mjane Tuxbury, naye alipwe na kijiji kwa kumtunza." Chini yake, kwa mwandiko uleule: "Mjane amekataa malipo. Asema mtu halipwi kwa kumlea mwanawe."

Nilifunga kitabu nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Sijamwambia mtu. Najua unavyomuenzi Jotham; umelima shamba lake maisha yako yote. Ukitaka, nitaandika kwamba sikupata kitu, na Shangazi ataendelea na wino wake. Amri ni yako.

Mwanao, Delphine


Boston
7 Julai 1996

Baba,

Shikamoo. Nimengoja jibu hadi nimechoka kuchungulia sanduku la barua. Nimempigia jirani yako, Bwana Ouellette, akasema uko salama, unakata majani. Basi ukimya huu umeniwekea mimi tu.

Nisamehe kama nimekunyang'anya babu yako. Sikuwa nalipiza kisasi kwa Shangazi.

Kuna jambo nilikuficha. Tangu mwaka jana nimejiandikisha kwenye ofisi ya watoto nipewe mtoto wa kulea. Majuzi wameniita: yupo msichana wa miaka sita, anaitwa Corinne. Ameshapita nyumba tatu za walezi. Nimewaomba wanipe muda. Nilitaka kwanza kujua kama nina ukoo wa kumleta.

Delphine


Pell Hollow
12 Agosti 1996

Delphine, mwanangu, roho yangu,

Mimi mzima, na aibu imenijaa. Sikukasirika hata kidogo. Nilipoisoma barua yako nilienda makaburini kumtafuta Mercy, na kumbe hatukuwahi kumtunza, miiba ilikuwa imemfunika kabisa. Nikaanza kuifyeka. Kila jioni nilisema nitakuandikia, na kila jioni maneno yalinipotea. Mzee mjinga, nikakuacha ungoje.

Jana ndiyo ulikuwa mkutano. Baada ya chakula nilisimama nikawasomea yote uliyonakili. Binamu yangu Wendell akajishika pua. "Kumbe pua hii si ya Tuxbury? Nimeibeba bure miaka yote!" Watu wakaangua kicheko, isipokuwa Thirza.

"Linwood, unatuaibisha. Kama Jotham si wa damu, sisi ni akina nani?"

"Ni watu wa Mercy," nikamwambia. "Tulichopewa ni jina na mlango uliofunguliwa. Kama Delphine ni vidoti, Thirza, basi chukua penseli, utuchore sote vidoti tangu Jotham."

Akaondoka mezani. Nilimkuta baadaye barazani, sahani ya pai mapajani, hajaigusa. Akaniuliza, "Alizika watatu juma moja?"

"Watatu."

"Na bado akampokea mwingine." Akafuta macho kwa kitambaa cha meza. "Mimi nisingeweza. Mwambie Delphine... la, nitamwambia mwenyewe. Akija."

Sasa nisikilize kuhusu Corinne. Wewe hukumbuki, ulikuwa mdogo. Ulipofika hapa ulikuwa huli kitu mezani, na asubuhi mama yako alipotandika kitanda akakuta kipande cha mkate chini ya mto wako. Mimi nilitaka kusema nawe. Mama yako Ardis akanikataza. Kila jioni akawa anaondoa kile kikavu na kuweka kilicho laini, wala hakukwambia neno. Ikawa hivyo kiangazi chote. Siku moja, matufaha yakiwa yanachumwa, aliinua mto asikute kitu. Alishuka jikoni, akakaa, akalia. Akaniambia, "Linwood, ametuamini."

Kwa hiyo huyo mtoto akikuficha mkate, mwache. Akikununia, mwache. Akilala na viatu, mwache alale navyo. Wapigie simu kesho asubuhi uwaambie umekubali, kisha mlete aje aone ng'ombe. Mwambie huku ni kwao.

Mkate nitaoka mwenyewe.

Babu yake Corinne